Nge wa Uani na Leza ya Zambarau

Uani kwa mama yangu, Tanga mjini, palikuwa na kila kitu ambacho nge hukipenda: makumbi ya nazi yaliyorundikwa ukutani, vifuu, kuni, matofali yaliyobaki tangu marehemu baba alipojenga jiko la nje, na mabati ambayo mama alikuwa hakubali yatupwe. Masika yakianza, maji yaliwafukuza humo nao wakaingia ndani. Mwaka mmoja, nge mmoja alimuuma mama mguuni alfajiri, alipokuwa akipapasa gizani kutafuta kandambili aende kutawadha. Kilio chake kiliamsha mtaa.

Kijana wa kaka yangu ndiye aliyembeba bibi yake mpaka kwenye bajaji. Hospitali walimtuliza maumivu, wakamweka chini ya uangalizi hadi jioni kwa sababu ya umri na presha, kisha wakamruhusu. Nge wa kuogopwa zaidi ni yule mwenye mkia mnene na magando membamba, na huyu aliyemuuma mama hakuna aliyemwona. Hilo ndilo lililomkosesha kijana usingizi. Adui hajulikani alipo, na nyumba ina watoto.

Mimi nafundisha fizikia sekondari, Korogwe, na hurudi nyumbani mwisho wa wiki. Mengi ya kisa hiki nimeyapata kwa mama, kwa mdogo wangu wa kike anayeishi pale na wanawe, na kwa kijana mwenyewe, ambaye hakunificha neno. Nataka ijulikane mapema kwamba yote aliyoyafanya aliyafanya kwa kumpenda bibi yake. Ni fundi wa simu na redio, meza yake iko kibarazani, na mikono yake ni ya uangalifu.

Alikuwa amewahi kuona video ya watu wakiwasaka nge jangwani kwa taa za urujuanimno. Jambo hilo ni kweli tupu. Gamba la nge lina kemikali ambazo zikipigwa na mwanga huo hurudisha rangi ya kijani chenye buluu, na katika giza nge huonekana kutoka hatua nyingi. Wanasayansi waliliandika hilo miaka ya 1950. Hata nge aliyekufa na kuwekwa ndani ya chupa ya spiriti kwa miaka huendelea kung'aa. Asiyeng'aa ni yule aliyetoka kujivua gamba, mpaka gamba jipya likauke na kuwa gumu.

Kijana hakuwa na taa ya urujuanimno. Alichokuwa nacho ni kompyuta ya mezani iliyokufa, ambayo baba yake aliituma kutoka Muscat ndani ya kreti la nguo na vyombo, na ndani yake mlikuwa na mashine ya kuandikia diski za Blu-ray. Alijua kwamba mashine hiyo hutumia leza ya zambarau. Akaona dawa ya nge anayo mezani.

Hapa lazima nisimame kidogo, maana kitu alichokitoa humo ni kazi kubwa ya akili za watu. Diski ya CD husomwa kwa leza isiyoonekana ya nanomita 780, DVD kwa nyekundu ya 650. Wimbi likiwa fupi zaidi, nukta ya mwanga huwa ndogo zaidi, na alama nyingi zaidi huingia kwenye diski ile ile. Hiyo ni sababu mojawapo ya DVD ya tabaka moja kubeba gigabaiti 4.7 na Blu-ray ya namna hiyo kubeba 25. Lakini kwa miaka mingi hapakuwa na dayodi ya kutoa wimbi fupi namna hiyo. Fuwele ya galiamu naitridi, ambayo ingeweza, ilikuwa ngumu kukuza bila kasoro, na wengi waliiacha. Nchini Japani, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano waliishikilia, na Shuji Nakamura naye akaihangaikia katika kampuni ya Nichia, mji wa Anan. Kwanza ilikuja taa ndogo ya buluu yenye mwanga mkali, kisha mwanzoni mwa 1996 Nakamura na wenzake wakatangaza dayodi ya leza ya zambarau. Mwaka 2014 watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa ile taa ya buluu. Dayodi iliyokuwa kwenye meza ya kibarazani, kopo la chuma lisilofika upana wa ukucha wa kidole kidogo, ni mzao wa kazi hiyo, na wimbi lake ni nanomita 405.

Nanomita 405 ni mpakani. Urujuanimno kwa hesabu za kawaida huanzia chini ya 400. Kwa hiyo leza hii si ya urujuanimno hasa, ni ya zambarau ya mwisho kabisa ambayo jicho bado linaigusa. Wapenda ufundi wengi huiita urujuanimno, na kwa kuwasha vitu ving'ae inafanya kazi hiyo vizuri. Lakini kule kuwa mpakani ndiko kulikotuletea msiba.

Dayodi ya kwanza ilikufa mikononi mwake kwa umeme tuli tu, bila hata kuonja betri: alivaa shati la nailoni siku ya ukavu, akagusa miguu ya dayodi, na alipoiwasha ikatoa mwanga mchovu usio na mshale. Ndivyo zinavyokufa. Akanunua mashine nyingine mbovu kwa muuza vyuma chakavu, safari hii akajifunga waya wa kumshusha umeme mkononi, akaitoa salama. Akaitengenezea saketi ya kushikilia mkondo usipande, akaibana ndani ya kipande cha alumini ili ipoe, akaweka lenzi mbele. Kazi safi. Nimeiona, na ningempa alama zote.

Usiku wa kwanza aliielekeza ukutani, kwenye chokaa ya zamani, familia yote ikiwa uani. Kitone kilikuwa hafifu. Mdogo wangu alisema kinaonekana kama hakitaki kuonekana. Kijana alikata tamaa. Aliwahi kumiliki kalamu ya leza ya kijani ya kuchezea paka, na ile ilikuwa inang'aa kuliko hii mara nyingi.

Mama alikuwa amekaa mkekani. Yeye peke yake ndiye aliyelalamika.

"Mbona kali hivyo? Izime, mwanangu."

"Bibi, hata haionekani."

"Wewe huioni. Mimi naiona, tena buluu, kwa jicho hili la kufanyiwa."

Mama alikuwa ameondolewa mtoto wa jicho upande wa kulia, la kushoto likisubiri zamu yake. Akaziba la kulia kwa kiganja, akasema sasa imekuwa nyeusi-nyeusi, kama wasemavyo. Akaziba la kushoto, akasema imerudi kali. Wote wakadhani ni jicho la mgonjwa linaloogopa mwanga, na wakahamia mazungumzo mengine.

Jicho la kulia la mama ndilo lililokuwa likisema kweli. Lenzi ya asili ya mtu mzima huwa na umanjano unaoongezeka na umri, na umanjano huo hunyonya sehemu kubwa ya zambarau kabla haijafika nyuma ya jicho. Yeye amewekewa lenzi ya bandia iliyo angavu, isiyo na umanjano, kwa hiyo zambarau ilimpitia. Na hata kwa wenye macho mazima, chembe za jicho zinazopokea mwanga huipokea nanomita 405 hafifu mamia ya mara kuliko kijani cha nanomita 555, rangi ambayo jicho huiona kwa urahisi kuliko zote. Kalamu ya kijani ya miliwati chache huujaza ukuta mwanga. Zambarau ya miliwati mia hukaa pale ukutani kimya, na nguvu yake yote iko palepale.

Hili ndilo ninalotaka kila mzazi na kila kijana mwenye pasi ya kuchomelea risasi alishike: jicho halipimi nguvu ya leza. Linapima tu kile linachoweza kukihisi. Leza zinazoonekana za chini ya miliwati 1 huhesabiwa salama kwa kutegemea kwamba mtu akimulikwa atapepesa jicho ndani ya robo sekunde. Sasa kama jicho haliuoni mwanga kuwa mkali, litapepesea nini? Kuanzia miliwati 5 hadi 500 leza huwekwa daraja la 3B, yaani mshale wake ukiingia jichoni, moja kwa moja au kwa kuakisiwa na kioo, unaweza kudhuru kabla hujapepesa. Dayodi za kuandikia Blu-ray huanguka humo bila shaka yoyote.

Kijana, kwa kuamini macho yake, alipandisha mkondo.

Kisha ikaja wiki ambayo watoto wa nyumba ile hawataisahau, nami sitaki kuisimulia kwa haraka, kwa kuwa uzuri wake ni wa kweli. Ilianza kwa shuka. Mshale ulipita juu ya shuka nyeupe ya mama iliyoanikwa kambani, na kile kitone hafifu ghafla kikawa buluu ya kung'ara. Sabuni za unga huwa na dawa ya kung'arisha ambayo hunyonya mwanga wa wimbi fupi na kuutoa tena kama buluu. Hiyo ndiyo siri ya weupe wa mashati ya shule. Watoto wakaanza kumletea kila kitu kutoka jikoni.

Manjano yaliyokorogwa kwenye mafuta yalitoa kijani-manjano hata mshale wenyewe ukaonekana ukipita ndani ya glasi. Yai la ganda la kahawia lilirudisha wekundu, kwa sababu rangi ile ya kahawia ni kemikali ya jamii moja na ile iliyomo katika damu yetu. Mchicha uliopondwa na kulowekwa kwenye spiriti, maji yake ya kijani kibichi kabisa, ulipopigwa mshale ukawaka mwekundu. Mdogo wangu alisema aliliita jina la Mungu. Klorofili ndiyo ifanyayo hivyo: hunyonya zambarau, na kwa kuwa ndani ya spiriti haina jani la kulilisha, hutoa sehemu ya nguvu ile kama mwanga mwekundu. Kibandiko cha nyota cha kung'aa gizani, kilichobandikwa juu ya kitanda cha watoto, kiliandikwa majina yao kwa mshale, na majina yakabaki pale muda mrefu baada ya leza kuzimwa.

George Gabriel Stokes, Mwingereza aliyezaliwa Ireland, ndiye aliyeeleza jambo hili mwaka 1852 kwa kutumia maji yenye kwinini: mwanga wa wimbi fupi huingia, kitu hupoteza sehemu ya nguvu yake kama joto, kisha hutoa mwanga wa wimbi refu zaidi. Akaliita fluoresensi. Kwinini kwetu si habari ya mbali. Mcinkona, mti ambao gome lake ndilo hutoa kwinini, ulipandwa na Wajerumani kwenye kituo chao cha utafiti cha Amani, juu ya milima ya Usambara, si mbali na nyumbani, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza dawa ilitengenezwa hukohuko kwa ajili ya malaria ya askari. Kijana alijaribu leza yake kwenye chupa ya maji ya toniki na akapata buluu ya kukisia tu. Hakukosea: kwinini hunyonya vizuri mawimbi mafupi zaidi, karibu na nanomita 350, na 405 inaigusa kwa ncha tu.

Nami nasema wazi kwamba maonyesho yale yalikuwa bora kuliko mengi ninayofanya darasani. Kila mtoto pale alijifunza kwa macho yake kwamba rangi inayotoka si lazima iwe rangi iliyoingia. Lakini uzuri ule ndio uliowasogeza karibu. Kilichowavutia ni mwanga uliorudishwa, buluu na kijani na wekundu, ambao ni mpole. Ule ulioingia hawakuuona, na ulikuwa ukirushwa na sufuria, na glasi, na sinia la mama lililosuguliwa kwa mchanga mpaka linaonyesha sura.

Dalili ilitolewa. Baibui jeusi la mdogo wangu lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango, na siku moja alikuta tundu la ukubwa wa ncha ya sindano begani, kingo zake zimeungua. Nguo nyeusi haing'ai wala hairudishi. Inanyonya na kupata moto. Alidhani ni cheche ya jikoni, akalitia uzi.

Usiku wa tukio, nge alionekana chumbani kwa mama. Mtoto wa mwisho wa mdogo wangu, msichana wa darasa la pili, ndiye aliyemwona akipita chini ya mkeka. Kijana alikuja mbio na leza yake, akaagiza taa zizimwe ili nge ang'ae. Ndani ya giza mboni za macho hufunguka kwa upana wake wote, na mlango wa kuingilia mwanga huwa mkubwa mara nyingi kuliko mchana. Mtoto alisimama mlangoni ameshika ufagio. Nge aling'aa kweli, kijani, akakimbilia chini ya kabati. Kijana akainama, akamfuata na mshale, na mlango wa kabati lile ni kioo kizima.

Anasema aliona mmweko wa zambarau kali kuliko alivyowahi kuiona, upande wa kushoto, kisha ukungu wa buluu uliotanda chumba kizima. Ukungu huo najua chanzo chake: lenzi ya jicho lenyewe hung'aa ikipigwa na mwanga huu, sawa na gamba la nge. Aliangusha kifaa, kikazimika. Hakusikia maumivu yoyote. Nge akapotea. Kijana akamwambia bibi yake kwamba leza imeharibika, akaenda kulala.

Asubuhi alipokuwa akisoma namba kwenye saketi ya simu ya mteja, aliziba jicho la kulia, na tarakimu moja haikuwepo. Akisogeza jicho, tarakimu ile inarudi na nyingine inaondoka. Ndipo aliponipigia.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Mbona mapema?"

Alinieleza yote, na sauti yake haikutulia. Nilimwambia asisubiri ifike Jumamosi, aende na mtoto pia, maana alikuwa mlangoni. Niliomba ruhusa kwa mkuu wangu wa shule nikawakuta hospitali ya rufaa.

Daktari wa macho, mama wa makamo mwenye upole mwingi, aliwatia dawa ya kufungua mboni, akawachunguza mmoja mmoja, kisha akapiga picha ya tabaka za retina. Alitueleza bila kutuficha. Retina haina neva za maumivu, kwa hiyo kutosikia kitu hakuthibitishi usalama. Jicho hukusanya mshale wa leza kwenye nukta ndogo, na ukali wake pale huongezeka kwa takriban mara laki moja. Watoto wanaochoma karatasi kwa kioo cha kukuzia juani wanaijua kanuni hiyo. Tena mwanga wa wimbi fupi una madhara yake mengine juu ya yale ya joto: huvuruga kemikali za retina yenyewe. Na lenzi ya mtoto, kwa kuwa bado ni angavu, hupitisha zambarau nyingi kuliko ya mtu mzima.

Aliposema hilo nilimshika mtoto mkono. Lakini retina zake zilikuwa safi zote mbili. Mshale haukumpitia, aliona sakafu tu ikigeuka buluu. Nililia pale pale, na sioni haya kusema hivyo.

Kijana alikuwa na doa dogo la kuungua kwenye jicho la kushoto, kando tu ya kitovu cha kuonea. Kando tu. Daktari alisema lingeangukia katikati, angepoteza uwezo wa kusoma kwa jicho hilo. Alimpa miadi ya kurudi na kumwambia ajipime nyumbani kwa daftari la hesabu la miraba: azibe jicho moja, atazame katikati ya ukurasa, aone mistari inayopinda. Miezi ilipopita uvimbe ulishuka na pengo likapungua. Mpaka leo mraba mmoja, chini kushoto, hauna mistari iliyonyooka.

Kikao cha familia kilifanyika Jumapili, kaka akiwa kwenye simu kutoka Muscat. Kaka alitaka kitu kile kivunjwe kwa nyundo hapo hapo, yeye akisikia. Mdogo wangu alimuunga mkono, akaleta na baibui lake. Mama akasikiliza wote, kisha akasema:

"Mtoto huyu alikuwa ananitafutia nge. Hamtavunja kitu mbele yangu. Mtamfundisha."

Kaka akauliza kwa uchungu, mbona kalamu za leza zinauzwa kila soko na zimeandikwa miliwati 5, na hakuna anayekamatwa. Nikamweleza kwamba maandishi hayo si ya kuaminiwa. Mwaka 2013 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilipima kalamu 122, na karibu asilimia 90 ya zile za kijani na asilimia 44 za nyekundu zilivuka kiwango cha sheria. Akanyamaza.

Kijana akatoa miwani aliyonunua kabla ya yote haya. Hakuwa mzembe, alikuwa ameinunua pamoja na lenzi. Vioo vyake vilikuwa vya kijani-buluu. Nikasoma maandishi madogo pembeni: imetengenezwa kwa leza nyekundu. Zambarau inapita humo bila kizuizi. Kwa nanomita 405 inatakiwa miwani ambayo imeandikwa kwamba wimbi hilo limo ndani ya upeo wake, kwa kawaida ya rangi ya chungwa, na kando yake herufi OD na namba. OD 4 maana yake inapita sehemu moja tu kati ya 10,000. Miwani ya jua haifai kwa kazi hii hata kidogo. Na asijaribu kuipima kwa kutazama kama vitu bado vinang'aa: ule mng'ao wa manjano na mchicha ni mwanga mwingine, utapita kwenye vioo vya chungwa hata kama mshale umezuiwa.

Alikiri kwangu kando kwamba alikuwa ameshapanga kuagiza dayodi ya nanomita 375, ya urujuanimno kamili. Nikamwomba aiache. Hiyo haina hata kitone cha kukuonya. Mshale uko hewani na ukuta mweupe usio na dawa ya kung'arisha haukuonyeshi kitu. Kama anazipenda kwa elimu, asome: mwaka 2019 Amano na wenzake wa Chuo Kikuu cha Nagoya, pamoja na kampuni ya Asahi Kasei, waliwasha dayodi ya leza ya nanomita 271.8, na habari yake ni tamu kuliko hadithi. Kuisoma hakumchomi mtu.

Leza yake haikuvunjwa. Tuliirudisha kwenye mkondo mdogo, ikafungwa ndani ya boksi la mbao lenye dirisha la plastiki ya chungwa na swichi ya ufunguo, mfuniko ukiinuliwa umeme unakatika. Hivi ndivyo inavyofika darasani kwangu, mchicha na manjano ndani yake, na wanafunzi huizunguka bila hofu.

Lakini nge walikuwa bado wapo. Jibu lake lilikuwa mtaani siku zote, kwa wakala wa pesa za simu aliye mkabala na nyumba. Anayo taa ya urujuanimno ya kukagulia noti, ya nanomita 365. Nilimwomba atuazime usiku mmoja. Mwanga wa taa hutawanyika. Hauna mshale wa kujikusanya kwenye nukta moja ya retina. Haufai kukodolewa macho, kwa kuwa nao huonekana hafifu kuliko ulivyo, na hilo tuliwaambia watoto kabla ya kuwasha. Maji ya toniki yaliyomshinda kijana yalifurika buluu chini ya taa ile. Ndizi mbivu nazo zilionyesha buluu, jambo ambalo watafiti wa Innsbruck waliliandika mwaka 2008: klorofili ya ganda ikivunjika ndizi inapoiva, mabaki yake hung'aa.

Tukatoka uani na buti na koleo refu la mkaa. Rundo la makumbi lilikuwa na nge kuanzia juu hadi chini, wakubwa kwa wadogo, kijani kila walipo, na mmoja mwenye mkia mnene, ndani ya kandambili kuukuu iliyosahaulika nyuma ya mabati. Kijana alimnasa kwa koleo akamtia chupani. Mama alisogea na kigoda, akatazama kwa jicho lake la kulia, akaelekeza: "Pale. Na pale, nyuma ya tofali." Alikuwa akiwaona kabla yetu.

Kesho yake alikubali, baada ya miaka yote ile, makumbi na mabati yaondoke. Mkokoteni ulibeba mara kadhaa. Kuni zikapandishwa juu ya kichanja, mbali na ukuta.

Kijana alinunua tochi ya nanomita 365, na mama akamwagiza anunue ya pili kwa ajili ya dada yake, Pangani, ambaye nyumba yake ni ya makuti na nge wake ni wengi kuliko wetu. Ilipelekwa kwa basi la asubuhi na karatasi ndani ya mfuko, mwandiko wa kijana: isielekezwe usoni kwa mtu, isiachwe mikononi mwa mtoto, na viatu bado vikung'utwe kila alfajiri, kwa sababu nge aliyejivua gamba jana hang'ai.